Kaviha na Nzumari ya Kiriba

Babu yangu Kaviha Thoya ana kosa moja ambalo ukoo mzima tumekubaliana kutomsamehe, maana tukimsamehe tutakosa la kumchekea Krismasi. Februari ya 1987 aliwaharibia Waskoti wanne bendi yao, asubuhi na mapema, kwa moyo safi kabisa. Na bado anataka tumpigie makofi. Shida ni kwamba makofi nayo anastahili.

Subirini, msianze kucheka kabla hamjajua kitu.

Wakati huo babu alikuwa na miaka thelathini na minne. Anakaa Frere Town na nyanya yangu Dhahabu, anaendesha kombi ya Bwana Mbwana Faki wa Likoni. Kombi yenyewe rangi ya maziwa, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba. Hiyo kazi ya wiki. Wikendi, kukiwa na matanga Kisauni au huko bara kwetu, babu anapuliza nzumari. Alifunzwa na mjomba wake Kaloleni, na kwa maneno yake mwenyewe, hakukuwa na mpulizaji wa kumfikia kuanzia Mtwapa hadi Mariakani. Tulimuuliza ni nani alipita akihesabu. Akaomba aongezewe chai.

Basi wakaja hao Waskoti, kikundi cha nyimbo za kijijini kwao, wanazunguka nchi za watu wakipiga kwenye kumbi. Pwani walipangiwa wiki mbili, Likoni hadi Malindi. Mbwana Faki ndiye aliyewaandalia, na kombi ya babu ndiyo ikawa nyumba yao. Mpiga fidla alikuwa mwanamke, Moragi, aliyewahi kufundisha shule Voi. Kiswahili anakivunjavunja lakini anafika. Wa gitaa na wa ngoma walikuwa ndugu wawili, wapole, hawasemi mpaka waulizwe. Na wa nne ndiye Lakilani, pandikizi la mtu, ndevu rangi ya kutu, mpiga ile nzumari yao yenye mfuko. Mfuko unaujaza pumzi, unaubana kwapani, sauti inatoka kwenye mirija.

Babu alipoiona mara ya kwanza alisema, "Hii ni nzumari iliyomezwa na mbuzi." Tangu siku hiyo kwetu sisi jina lake ni nzumari ya kiriba.

Msidhani ziara ni raha. Kombi iliwafia Likoni, pale kwenye kile kilima cha kutoka feri, Waskoti wakashuka kusukuma, Lakilani kavaa lile vazi lao la marinda. Ingekuwa leo tungekuwa tushamfanya stika. Lakini Likoni wazee wenyewe wamejifunga vikoi, atacheka nani? Bi Mwanarusi, aliyekuwa kando anakaanga viazi karai, alimwonea huruma tu. "Mwanangu, hicho kikoi chako kizito mno. Utaungua."

Walilala Kiembeni kwenye nyumba ambayo mfereji ulikuwa pambo. Walioga kwa ndoo moja, kwa zamu. Njiani kote wanafanya mazoezi mle mle ndani ya kombi, na hasa ule wimbo wao wa mwisho, wa haraka haraka, mpaka babu akawa anaupiga mluzi akibadilisha gia.

Sasa, Alhamisi jioni, Lakilani akafungua kikopo chake kidogo. Ndani mna ndimi tano. Ulimi ni kile kidude cha vipande viwili vya tete kinachotetema ndipo sauti itoke. Bila ulimi, kiriba ni mto wa kulalia. Lakilani akaugusa mmoja, akatikisa kichwa. "Kavu," akamwambia babu. "Jua. Kavu sana."

Babu akaelewa. Hapo ndipo penye balaa, alielewa vizuri sana. Ulimi wa nzumari yetu ni jani la mvumo, mti wa jamii ya mnazi, na mpulizaji yeyote atakwambia, jani likikauka unalitia majini linywe. Kwa hiyo Ijumaa alfajiri, wageni wamelala, babu akafika na kombi, akachukua zote tano, akazitosa kwenye gilasi ya maji hadi saa nne. Halafu akazitoa zichuruzike. Alizianika wapi? Juu ya boneti la kombi. Mwezi wa Februari. Mombasa.

Tete si mvumo. Zilivimba, zikajikunja, zikapasuka zote tano.

"Kaviha, umefanya nini?" Mbwana Faki alikuwa amekuja na mabango ya onyesho.

"Nimezinywesha."

"Umezinywesha? Ni ng'ombe hizi?"

"Alisema zimekauka, Bwana Faki."

"Na mimi nikisema koo limenikauka utanitosa baharini?" Akamgeukia Moragi. "Nyingine ziko wapi, mama?"

"Skotilandi," akasema Moragi.

Onyesho lilikuwa kesho yake, Jumamosi saa kumi, ukumbi wa Chaani, Changamwe. Mbwana Faki akakaa chini juu ya mabango yake. "Wallahi nimetangaza Changamwe nzima kwamba kuna nzumari ya mfuko. Watu wanakuja kuuona mfuko! Nitawaonyesha gitaa? Gitaa hata shemeji yangu analo." Moragi naye akasema waziwazi, kiriba kisipolia kesho, hakuna Chaani, hakuna Malindi, wanarudi kwao.

Lakilani alikaa kwenye ngazi, ndimi zake tano kiganjani, anaziangalia kama mtu aliyefiwa. Babu anasema angetukanwa angepata nafuu. Kiingereza chake kilitosha kuuliza njia na kununua petroli, cha kuomba radhi hakuwa nacho. Akasema kwa Kiswahili tu, "Nipe hizo. Kesho saa kumi italia."

Nyumbani, nyanya Dhahabu alisikiliza kisa chote mikono kiunoni.

"Na hukumuuliza mwenyewe?"

"Nilijua."

"Ndiyo shida yenu wapuliza nzumari. Mnajua."

Lakini yeye ndiye aliyeshusha kutoka juu ya kabati mkebe wa majani makavu ya mvumo, akawasha taa, akasokota uzi wa kufungia kesho.

Jumamosi asubuhi Waskoti wote wako uani Frere Town, na majirani nao wamejaa uani. Babu akabandua tete bovu, akabakisha kile kimrija cha shaba kilicho chini yake. Akapanga jani la mvumo tabaka nne, akalikata kwa wembe, akalifunga kwenye shaba kwa uzi. Ulimi wa kwanza ulilia kama mbuzi amekanyagwa. Wa pili ukanyamaza kabisa. Wa tatu ukatoa mlio wa lori linalopanda Mazeras. Majirani wanatoa maoni, na nyinyi mnajua maoni ya majirani yalivyo.

"Kaviha, huo mpelekee askari wa trafiki!"

Wa nne ulikuja karibu saa saba. Lakilani akapuliza, akabana kwapa, na sauti ikatoka nzima, nene, yenye chembe ya mchanga ndani yake. Majirani wakasogea karibu. Moragi akakunja uso. "Iko chini," akasema. "Chini ya fidla."

Babu akaingia ndani, akatoka na nzumari yake, akapiga mara moja. Sauti mbili zikakaa pamoja bila kugombana. Bila shaka! Mkono wake unajua kipimo kimoja tu, na ndicho alichokuwa amekikata. Moragi akamwangalia, akaangalia fidla yake, akaanza kulegeza nyuzi. Wa gitaa akalegeza zake, wa ngoma akalegeza kamba. Lakilani akavuta mirija yake mirefu mpaka sauti yake nayo ikashuka. Bendi nzima ikateremka kumfuata babu yangu. Hii sehemu huwa anaisimulia mara mbili.

Kulibaki tatizo moja. Nzumari yetu ulimi uko mdomoni, mate yanaulainisha. Ya kiriba ulimi umefungiwa ndani ya mti, ule mrija wa kuchezea vidole, na mvumo ukikauka unafunga sauti. Dawa ilikuwa moja. Kila baada ya wimbo, mtu achomoe ule mti, aunyonye ulimi, aurudishe. Na mtu mwenyewe awe anayeujua mvumo, tena awe jukwaani.

Saa kumi Chaani hapakuwa na pa kutia unyayo. Waskoti wanne wamepanga mstari, na wa tano ni Kaviha Thoya, shati la kuazima, bakuli la maji ya kulowesha mdomo miguuni, nzumari imechomekwa kiunoni "kwa ajili ya kupimia". Watu wanaulizana, "Huyu naye ni wa wapi?" Nyimbo nane zikapita salama, babu anachomoa, ananyonya, anarudisha, na watu wameanza kumshangilia kila akiinama kwenye bakuli.

Ukafika ule wa mwisho, wa haraka. Mrefu huo, na joto la ukumbi lilikuwa la tanuri. Katikati yake kiriba kikakohoa. Kikakohoa tena. Kikakata.

Fidla ikaendelea peke yake, nyembamba. Mlangoni Mbwana Faki alifunika uso kwa mikono miwili. Lakilani anamwangalia babu, babu anaangalia bakuli, na kuchomoa katikati ya wimbo ni kuuacha ufe.

Babu akachomoa nzumari kiunoni akaingia nayo.

Wimbo aliujua kwa mluzi wa wiki nzima. Aliuchukua pale pale ulipoangukia, akaupeleka mbio, kisha akautia mikato ya Kigiriama ambayo Skotilandi haijawahi kuota. Mpiga ngoma, yule mpole, akaruka juu na kupiga kelele. Kina mama wa Chaani wakapiga vigelegele. Lakilani akapata nafasi yake, akachomoa ule mti, akaunyonya ulimi mwenyewe, akarudisha, akajaza kiriba, akaingia juu ya sauti ya babu. Sasa nzumari mbili, moja ya mbuzi na moja ya mtu, na ukumbi mzima umesimama juu ya viti. Waliupiga wimbo huo mara nne. Kila wakimaliza watu wanafunga mlango wasitoke.

Mbwana Faki alipanda jukwaani na jasho lake akamkumbatia babu, na kwa sauti ya kusikika hadi nje akatangaza, "Huyu ni dereva wangu!"

"Si dereva," Moragi akamjibu. "Ni wa bendi. Malindi anapiga."

"Na kombi ataendesha nani?"

Jumatatu kombi ilipita Mtwapa ikiyumba kama mlevi, Lakilani kashika usukani kwa mikono miwili, anaomba msamaha kwa kila baiskeli. Nyuma, katikati ya fidla na ngoma, babu amekunja miguu, wembe mkononi na mkebe wa mvumo mapajani, anakata ulimi wa tisa na kupaza sauti, "Polepole, Lakilani! Ninafanya kazi huku!"