Kipa Aliyelala Filimbi Ikilia

Mwalimu wa michezo aliponinyooshea filimbi na kuniambia, "Babu, leo utachezesha wewe," ningeweza kumjibu hapana. Neno lenyewe ni fupi. Badala yake nilipangusa mikono kwenye suruali, nikaipokea, nikaivaa shingoni na kuuliza kama kuna kofia.

Ilikuwa Kajiado mjini, katikati ya miaka ya tisini, fainali ya voliboli ya wanawake. Refa aliyealikwa hakutokea kwa sababu alikuwa amealikwa pia harusini, na huko harusini kulikuwa na nyama.

Mtu mwingine angepokea filimbi tu na kuendelea na maisha yake. Mimi nilikuwa na historia nayo.

Baba yangu alikuwa askari jela. Tulikuwa watoto sita katika nyumba ya serikali, na baba hakuwa na mazoea ya kutuita kwa majina. Akirudi jioni alisimama mlangoni akapiga filimbi, nasi tukakimbia kupanga mstari. Wa mwisho kufika alichapwa. Nilikuwa na miguu mifupi, kwa hiyo wa mwisho nilikuwa mimi. Baadaye nikaona kukimbia ni kupoteza nguvu bure. Filimbi ikilia nilijilaza palepale, nikafunika kichwa kwa mikono, nikangoja. Niliwahi kujilaza katikati ya mbuzi. Niliwahi kujilaza juu ya shuka za mama zilizoanikwa kwenye nyasi, na siku hiyo nikachapwa na wazazi wote wawili. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, lakini mwili wangu haukupata habari hizo.

Nilipofika umri wa miaka thelathini na kitu nilikuwa mtunza uwanja katika chuo kimoja cha binafsi pale Kitengela. Chuo kilikuwa na majengo mawili ya mabati, taipureta zilizokosa herufi, na timu ya mpira isiyokuwa na kipa. Mkuu wa chuo akaniandikisha kozi ya uhazili ili niruhusiwe kucheza. Niliingia darasani mara moja, nikajifunza kutia karatasi kwenye mashine, nikarudi kwenye nyasi zangu. Wanafunzi wakaniita Babu.

Mechi ya kwanza refa alipiga filimbi ya kuotea huko mbali, upande wa pili wa uwanja. Mimi nikaanguka golini.

"Nani ameua Babu?" mashabiki wakapiga kelele.

"Hakuna! Amejifia!"

Kulikuwa na mzee mmoja wa Kimaasai ambaye ng'ombe wake walikatiza uwanja wetu kila alasiri, mechi iwepo isiwepo. Alisimama kwa mguu mmoja akaniangalia nikianguka mara ya tatu, kisha akamwendea mwalimu wa michezo.

"Sopa," akamsalimu kwa Kimaasai. "Huyu wenu anaanguka kwa nini?"

"Epa, mzee. Hiyo ni mbinu."

"Niko na mbuzi alikuwa na mbinu kama hiyo," mzee akasema. "Tulimkula."

Kilichoniokoa ni penalti. Refa akipiga filimbi, mimi nishalala tayari upande wa kushoto, na wapigaji wengi hupiga huko huko. Mpira ulinigonga mgongoni, kiunoni, hata kwenye kisogo, na watu wakashangilia. Nikawa maarufu hadi Athi River. Vijana walikuja kujifunza kulala kama mimi.

Mtu mmoja tu hakushangilia. Alikuwa kapteni wa timu ya voliboli ya wanawake, mwanafunzi aliyefanya kazi miaka kadhaa kabla ya kuja chuoni, binti wa watu wa Mkoa wa Magharibi waliopanga nyumba Ongata Rongai. Alikuwa mrefu, na alipopiga mpira ungedhani anatua gunia. Alinifuata nikimwagia uwanja maji.

"Kipa," akasema, "mtu anayetaka mpira hafuniki kichwa. Nani alikuwa anakupiga?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilimwambia yeye, nikiwa na mpira wa maji mkononi, nikafurikisha nusu ya uwanja bila kujua. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua viatu vyake vilivyolowa akasema, "Kesho jioni kuja nyuma ya jikoni. Usikule kitu."

Kesho yake alikuja na filimbi na mandazi kwenye karatasi. Akapiga filimbi kidogo sana, kama ndege mwenye mafua. Nikaanguka. Alikuja akachuchumaa, akaniwekea andazi mdomoni. Nilikula nikiwa nimelala. Akapiga tena, nikaanguka tena, nikala tena.

"Hapa unanenepa tu," akasema. "Kuanzia sasa anayeanguka hali."

Njaa ni mwalimu mkali. Wiki hiyo nilijifunza kupiga goti moja badala ya kulala. Baadaye nikaweza kuinama tu. Mwishowe nilisimama wima huku filimbi ikilia karibu na sikio langu, machozi yakinitoka, nikitafuna. Aliniambia ninaweza kulia na kutafuna kwa wakati mmoja, hakuna sheria inayokataza.

Dawa hiyo ilikuwa na kasoro moja. Katika mechi iliyofuata refa alipopiga filimbi nilimwendea nikamnyooshea mkono nikingoja andazi. Alidhani nataka kumpa pole, tukasalimiana. Mara ya tatu akanionyesha kadi ya njano.

Tulianza kutembea pamoja jioni kando ya ua wa michongoma. Jioni moja nilimuuliza kama angekubali kuolewa na mtunza nyasi.

"Nyasi si shida," akajibu. "Lakini mimi siwezi kuishi na mtu wa kunifokea. Nimemwona mama yangu akiishi hivyo, inatosha. Ukinifokea mara moja, siko."

"Mimi nifoke? Mimi ninayeanguka?"

Tukacheka sana. Akaniambia baba yake mdogo ana kazi ya serikali Kajiado, na atakuja kutazama fainali ili anione. Huyo akiridhika, atanipeleka kwa wazazi.

Kwa hiyo siku ya fainali nilijua vizuri kilichokuwa mbele yangu. Tulienda na lori la chuo, lile la kubebea mchanga, tukashuka wote tukiwa weupe kwa vumbi. Baba mdogo alikuwa ananingoja na koti lake la Jumapili na mahindi mawili ya kuchoma.

"Karibu, mkwe," akasema. "Kaa hapa. Lako lina chumvi na pilipili."

Ndipo mwalimu wa michezo akaja na filimbi. Kapteni aliona kutoka kwenye wavu, akaja mbio.

"Kataa," akaniambia polepole. "Leo kaa na baba mdogo, kula mahindi. Wengine watachezesha."

Lakini nilitaka watu wote wanione, mimi niliyekuwa nikianguka, nikiipiga filimbi mwenyewe. Niliona hiyo ndiyo kupona. Nikampa baba mdogo mahindi yangu ashike.

Walinipandisha juu ya dawati lililowekwa juu ya meza. Kwenye voliboli refa hupiga filimbi kabla ya kila sevu, kwa hiyo kazi ilikuwa nyingi, nami nikaipenda. Nilipuliza filimbi mpira ukitoka, nikapuliza ukiwa ndani. Nilimpigia muuza karanga aliyepita nyuma yangu. Nilimpigia mtoto aliyelia, akanyamaza, nikafurahi. Baba mdogo aliacha kutafuna.

Seti ya mwisho, timu yetu ikiongoza, punda akaingia uwanjani akasimama chini ya wavu kama mchezaji wa akiba. Wasichana wetu wakaanguka kwa kicheko. Kapteni alimshika punda sikio akamuuliza anacheza nafasi gani. Uwanja wote ulicheka. Nilidhani wananicheka mimi.

Nikapiga filimbi ndefu. Kisha nikasikia sauti ikitoka kifuani mwangu, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kidato cha pili.

"Pangeni mstari! Mbio! Wa mwisho ataniona!"

Wasichana walidhani ni mzaha, wakakimbia wakisukumana. Kapteni hakukimbia. Alimtoa punda uwanjani kwanza. Kisha akaja akitembea, akasimama mwisho wa mstari, akaniangalia pale juu.

"Nimefika wa mwisho," akasema. "Sasa shuka unipige."

Hata hapo ningeweza kushuka nikaomba msamaha, na punda angebeba lawama zote. Mimi nikapiga filimbi tena, nikawapa wapinzani pointi. Tulipoteza seti, na kombe likabaki Kajiado.

Baba mdogo alinirudishia mahindi yangu.

"Kijana," akasema, na neno mkwe lilikuwa limekwisha, "ulisema unafanya kazi ya nyasi. Hukusema unafanya kazi ya jela."

Kapteni alirudi Kitengela amekaa mbele na dereva. Tuliposhuka nilimwambia haikuwa mimi, ilikuwa baba. Akatikisa kichwa.

"Baba yako amekufa," akasema. "Aliyenifokea ni wewe, na nilikuambia." Hakuwa na hasira. Alinisaidia hata kushusha wavu, kisha akaenda bwenini.

Alimaliza masomo, akaondoka. Miaka ya elfu mbili, mji ulipokuwa umejaa nyumba za kupanga, nilikutana naye sokoni na mume wake, bwana mpole aliyebeba kikapu, na watoto wawili. Alinitambulisha kama kipa bora wa penalti aliyewahi kumwona. Mume akanipa mkono kwa heshima. Nikawanunulia watoto ndizi.

Sikuoa. Wanawake wengine walikuwepo, lakini kila mmoja nilimlinganisha naye, nao wakachoka. Niko na chumba kimoja hapa Kitengela, napika chakula cha mtu mmoja, na hakuna mtoto anayeniita baba. Kwa kuchezesha mechi moja ya voliboli nilimpoteza mwanamke pekee aliyenipenda baada ya kujua kila kitu kunihusu.