Niliyomtafsiria Ayeyo

Ayeyo, yaani mama yake mama yangu, aliuza maziwa ya ngamia katika soko la Garissa tangu kabla sijazaliwa. Mama yangu alifariki akinizaa, na mikono iliyonipokea kwa mkunga ndiyo iliyonilea mpaka nikawa mwalimu. Nilipokuwa shule ya msingi, alikuwa akiacha biashara yake kila siku saa nne asubuhi na kuja kuniletea maziwa kwenye chupa ya chai, kwa sababu niliumwaumwa na alisadiki kwamba hakuna dawa nyingine. Wenzangu walinicheka. Siku moja nikamwambia asije tena. Hakukasirika. Akaanza kusimama upande wa pili wa barabara, kwenye jua kali, mpaka nitoke mwenyewe nikayanywe huko mbali na macho ya watu.

Ugonjwa wake ulianza kwa anjera, chapati laini ya Kisomali. Asubuhi alikuwa akiichovya kwenye chai mpaka ikawa kama uji, kisha anaimeza huku amefumba macho. Nilipomuuliza, alisema meno yamezeeka. Wiki chache baadaye, nikifagia nyuma ya nyumba, niliona paka wakigombania vipande vya nyama vilivyokwisha kutafunwa. Nikaelewa kwamba alikuwa akitafuna mbele yangu, kisha anatoka kwenda kutema.

Abti, yaani mjomba wangu, alikuja kutoka Bura tukampeleka hospitali. Baada ya vipimo vya siku kadhaa, tuliitwa sisi wawili tu, mimi na Ayeyo. Daktari alikuwa kijana mpole aliyehamishiwa Garissa kutoka kwingine, na Kisomali hakukijua. Akanitazama mimi.

"Mwalimu, nisaidie kumweleza. Ana uvimbe kwenye njia ya chakula. Ni saratani, na imeshaenea. Hatuwezi kuiondoa. Tutamwekea mpira kooni ili angalau maziwa yapite."

Ayeyo alikaa kitako kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini, akimtazama daktari mdomoni. Nilikuwa nikikunja na kukunjua pindo la buibui langu.

"Anasemaje?" aliniuliza kwa Kisomali.

"Anasema una kidonda kooni, Ayeyo. Watakuwekea mpira mpaka kipone."

"Alhamdulillahi," akasema. Akamgeukia daktari, akamshukuru kwa kuinamisha kichwa.

Niliapa moyoni kwamba ningemwambia ukweli tukifika nyumbani. Sikumwambia. Abti naye alinisihi ninyamaze, akisema mgonjwa akikata tamaa hafiki mbali. Basi tukaishi na uongo ule karibu mwaka mzima. Mpira uliwekwa, ukasaidia kidogo, halafu hata maziwa yakawa yanarudi. Kila alipokohoa nilimwambia, "Kidonda kinakauka, ndiyo maana kinawasha." Naye alijibu, "Inshallah." Mwili wake ulikonda mpaka nikawa namnyanyua peke yangu, mwanamke aliyekuwa akishusha mitungi ya lita ishirini kutoka kwenye lori bila kuomba msaada.

Alasiri moja nilirudi kutoka shuleni nikakuta viatu visivyo vya kwetu mlangoni. Mgeni alikuwa mama Mkamba mwenye hoteli karibu na soko, aliyenunua maziwa kwa Ayeyo kwa miaka mingi. Nikaingia jikoni kuwatengenezea chai. Kupitia pazia nikasikia sauti ya Ayeyo, nyembamba, ikizungumza Kiswahili. Sikuwahi kumsikia akisema Kiswahili zaidi ya maneno ya bei na salamu.

"Mama, mimi nakufa. Hii ya koo ni kansa, dawa hakuna. Kama siku moja niliweka maji kwa maziwa yako, nisamehe."

"Wewe? Hujawahi kuniwekea maji."

"Bengine niliweka. Mwaka ya kiangazi. Kidogo tu. Nisamehe."

Mama yule alianza kulia, akasema amemsamehe, dunia na akhera. Mimi nilisimama na kifuniko cha sufuria mkononi mpaka chai ikafurika na kuzima moto.

Mgeni alipoondoka nilikaa chini kando ya godoro.

"Ayeyo, umejua tangu lini?"

"Tangu yule kijana afungue mdomo," akasema kwa Kisomali. "Nimeuzia walimu na askari maziwa maisha yangu yote. Unadhani wananunua kwa Kisomali?"

"Mbona hukuniambia?"

Alichukua muda kupata pumzi. "Ulikuwa unatetemeka. Nikasema, mtoto huyu ameshindwa kulitamka. Nikimwambia nimesikia, atalibeba usiku na mchana. Nikaona afadhali nilibebe mimi."

Nilificha uso kwenye shuka lake. Nilichokuwa nikiwaza ni miezi yote ile: yeye amelala macho wazi akijua, mimi nikimpigia hadithi za kidonda kinachokauka, naye akinijibu inshallah ili nisiaibike. Alikuwa ameogopa peke yake ndani ya nyumba ambamo nilikuwemo.

Siku zilizofuata watu walikuja mmoja mmoja: wanawake wa sokoni, jirani aliyewahi kugombana naye kuhusu ua, dadake aliyeletwa na abti kutoka Bura. Wote aliwaomba radhi. Mimi pia nilikuwa na langu la kuomba, na nilijua maneno yenyewe. Lakini kila nilipokaribia, kulikuwa na mgeni, au amesinzia, au nilijiambia nimwache apumzike, nitamwomba Ijumaa, siku njema.

Alifariki Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Nilikuwa darasani, nikisahihisha madaftari. Nilipofika alikuwa ameshafunikwa, na dadake alikuwa akisoma Yasin kwa sauti ya chini. Tulimwosha wanawake watatu. Nilishika mkono wake wa kulia; ulikuwa mwepesi kama wa mtoto. Baada ya alasiri wanaume wakamchukua, na sisi tukabaki mlangoni tukilitazama jeneza likiondoka, maana wanawake hatufiki makaburini.

Jioni ile nilimweleza dadake yote, kuanzia chumba cha daktari. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Alikuwa amekusamehe siku ileile," akasema. "Aliniambia mwenyewe."

"Najua, Ayeyo mdogo," nikamjibu. "Lakini mimi sikumwomba."

Alinivuta kichwa akakilaza mapajani mwake, tukakaa hivyo mpaka mwadhini akaita magharibi, naye akaniambia niinuke nikatie udhu.