Aliyeacha Barafu Iyeyuke

Habari ya msiba ililetwa ofisini kwangu Jumanne mchana na dereva wa lori aliyetoka Manyoni. Hata hakushuka. Alivua kofia dirishani akasema, "Yule rafiki yako wa barafu tumemzika jana." Wasomaji wangu mnajua mimi si mtu wa kunyamaza, basi niliweka kando makala yangu ya gazeti la wiki hii, nikaanza kuandika hii.

Marehemu alifanya kazi moja tangu ujana wake, nayo ni kupokea barafu stesheni ya Manyoni. Ilikuja kwa gari moshi, mapande makubwa yaliyofukiwa katika vumbi la mbao ndani ya magunia, naye akaipandisha lori na kuisindikiza mpaka Singida. Nyingine ilikwenda hospitali kupoza homa, nyingine klabu ya Wazungu kupoza glasi. Sisi wengine tuliiona ikipita tu. Duka moja mjini lilitundika kalenda yenye picha ya mlima Kilimanjaro, na wazee waliokuja kununua shuka walibishana kama kile cheupe kileleni ni majivu au unga wa mtama. Hakuna aliyesema ni maji.

Ndiyo maana alipata shida alipokwenda kuposa karibu na Ikungi. Alipoulizwa kazi yake alijibu kweli tupu, kwamba anabeba maji yaliyogeuka jiwe. Baba wa binti alicheka, kisha akanuna. "Binti yangu simpi mwongo," alisema, na posa ikaishia hapo. Rafiki yangu hakulala vizuri mwezi mzima. Mwishowe akaomba kipande kwa bwana wake, akakifunga guniani, akanichukua mimi, wakati ule karani kijana, nimsindikize. Lori lilitushusha saa nne asubuhi.

Sasa, kwa watu wa kwetu zawadi haifunguliwi kabla ya salamu kwisha, na salamu za ukweni haziharakishwi. Tulitoa shikamoo, tukaketi ndani ya tembe. Mzee alianza na afya za wazazi, akaja kwenye mtama, akaja kwenye ng'ombe wa kwao rafiki yangu, mmoja mmoja. Yule mwenye pembe iliyovunjika alituchukua muda peke yake. Gunia likaanza kulowesha sakafu. Nilimkanyaga mwenzangu mguu. Akauvuta, akajibu kwa utulivu, "Ng'ombe wazima, baba. Ila majani mwaka huu yamekuwa haba." Hasira zilinipanda kwelikweli. Nikamnong'oneza, "Sema basi, inakwisha!"

"Baba hajamaliza," akasema.

Mzee alipomaliza, jua lilikuwa utosini. Gunia likafunguliwa mbele yake. Mlikuwa na vumbi la mbao lililolowa, basi. Mzee alitia mkono, akautoa haraka kama aliyeshika kaa la moto. Akautia tena mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo.

"Ulijua jiwe lako linakwisha?"

"Nilijua, baba."

"Na ukakaa kimya."

"Ulikuwa unanisalimu, baba."

Mzee alijifuta mkono taratibu, akamwita mkewe. "Mama, wapikie hawa. Mkwe wetu haondoki na njaa."

Siku hizi majokofu ya mafuta ya taa yameingia madukani, na soda baridi anakunywa hata mchunga mbuzi aliyefika mjini mnadani. Nafurahi, maana naipenda mno. Lakini naona tumekuwa watu wa kudai kuonyeshwa kila kitu papo hapo, mara karatasi, mara muhuri, mara shahidi, na mwenye pupa ndiye anayehesabiwa mwerevu. Mimi ni mmoja wao, sitawaficha.

Alhamisi nilikwenda kumpa mjane pole. Nilimwuliza kama kwa miaka yote hiyo mumewe aliwahi kumletea barafu nyumbani. Akatikisa kichwa.

"Alitaka sana, shemeji. Nikamwambia acha. Baba alikuamini bila kuiona, mimi niione ili iweje?"

Basi mtu akiwaambia jambo msilolijua, ndugu zangu, msimkate kauli. Mpeni nafasi, mtazame anavyokaa nanyi. Mimi nimelielewa hilo nikiwa na mvi kichwani, na aliyenifundisha nimechelewa kumshukuru.