Mikaratusi ya Mke Mwenzangu

Kwetu Moroni nyumba ni ya mwanamke, na shamba ni la mwanamke. Mume huja na nguo zake tu, na akipanda mti kwenye ardhi ya mkewe, mti ni wa mkewe. Kwa hiyo niliposikia mume wangu amepanda mikaratusi kwenye shamba la mke wake mwingine wa Mutsamudu, kisiwa cha pili, sikuhitaji kuelezwa. Mkaratusi hukatwa majani ukachipua, ukakatwa tena, mwaka hadi mwaka. Mtu hapandi mti wa namna hiyo mahali asipokusudia kuzeekea.

Mume wangu alikuwa mfanyabiashara, mwezi huu kwangu mtaa wa Badjanani, mwezi ujao kwa yule. Siku hizo Wafaransa walinunua mafuta ya kila kinachonukia, naye alishikilia kwamba ya mkaratusi yangetia fora. Nikimpakulia wali, hadithi ni hiyo: miche imefika magotini, miche imefika kifuani, mtambo wa shaba wa kukeneka mafuta umeshateremshwa bandarini. Nilikuwa na wivu, tena si wa kuficha. Hata ile miti niliionea wivu, kwa jinsi alivyoitaja.

“Na mimi je?” nikamuuliza. “Shamba langu lina miiba?”

“Shamba lako lina minazi, mke wangu.”

“Minazi hukatwa.”

Nikaikata. Mama yangu, aliyenipa shamba lile kama alivyopewa na mama yake, alishinda kutwa nzima akiziokota nazi, amenipa mgongo. Miche ikaja kwa meli, na katika udongo wetu mweusi wa volkeno ikakua kwa fujo. Baada ya miaka michache ilikuwa imenipita kimo. Kila mgeni kutoka Mutsamudu nilihakikisha anapelekwa kuitazama, habari zipate kufika.

Yakaja mavuno, na mume wangu akaleta mtambo mdogo. Majani huchemshwa ndani ya pipa, mvuke ukapita kwenye mrija, na mrija lazima upozwe kwa maji baridi yasiyokoma, ndipo mafuta yatoke. Kule Mutsamudu mtambo ulikuwa kando ya mto. Kisiwa chetu hakina mto. Mvua ikinyesha mwamba huimeza, na tunachokunywa ni kile kilichoingia kwenye birika la nyumba, tangi la kukingia mvua. Mtoto yeyote wa Moroni analijua hilo. Mimi pia nililijua, ila kwa miaka yote ile nilikuwa nikitazama urefu wa miti tu.

“Tuyakaushe majani,” akasema mume wangu, “nikayakeneke kule.”

Majani yangu, kwenye mtambo wa yule! Afadhali ningewalisha mbuzi.

“Yatakenekwa hapa hapa uani,” nikasema. “Birika langu limejaa.”

Mama alisema jambo kuhusu kipupwe na mvua kuwa mbali. Sikumsikiliza. Tulichota tangu alfajiri. Maji yakipashika moto tunayamwaga uchochoroni, tunachota mengine. Moshi ulituwasha macho, majirani wakachungulia, nami nikafurahi wanachungulia. Jua lilipokuchwa chupa haikuwa imefika nusu, na ndoo ikagonga sakafu ya birika.

Kesho yake majirani walituletea maji ya kunywa kwa masufuria. Mume wangu hakunifokea, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana ugomvi ningeuweza.

“Siwezi kuwaongezea kinywa humu ndani,” akasema. “Nitakaa kule mpaka mvua zianze.”

“Miezi yote hiyo?”

“Kule kuna maji.”

Roho iliniwaka. Akaomba maji ya kutawadha, apate kuswali kabla ya kwenda kupanda meli. Yalikuwa yamebaki kidogo ndani ya kopo, hayo tu nyumba nzima. Nikammiminia mwenyewe, mikono, uso, miguu, mpaka tone la mwisho, nikampelekea mke mwenzangu mume safi.