Hidaya na Mguu Uliokatazwa Maji

Kabla mguu haujampa jina jingine, Hidaya binti Salehe alijulikana kwa vyungu. Katika vijiji vya chini ya Kinole, mwanamke akijisifu kwamba chungu chake hakivuji, ukimwuliza amekitoa wapi atakwambia kwa Hidaya. Udongo aliuchimba mwenyewe kando ya kijito, akauponda, akauloweka, akaukanyaga kwa miguu mitupu mpaka ukalegea kama ugali wa mgonjwa. Hakuwa na chombo cha kuzungushia. Alikizunguka chungu yeye, ameinama, mkono mmoja ndani mmoja nje, huku anazungumza na wenzake bila kukitazama. Siku za soko walijitwika na kushuka kupitia Kiroka na Bigwa, wakaingia Morogoro mjini umande haujakauka, na mara nyingi Hidaya alirudi na kata ya kujitwikia tu kichwani, vyungu vyote vimenunuliwa.

Ilikuwa miaka ile wanaume waliokwenda keya, jeshi la Waingereza, wamerudi kutoka vitani na makoti yao mazito. Mumewe, Rehani, hakwenda vitani. Alilima mpunga bondeni na ndizi mlimani, mtu mpole, mwepesi wa kucheka. Walikuwa wamezika mtoto mmoja na hawakupata mwingine, na hilo walilibeba bila kelele.

Mguu ulianza kwa homa. Hidaya alitetemeka kutwa nzima, na kwenye kinena cha kulia ukamtoka mtoki mkubwa kama yai la kanga. Hakuna aliyeshtuka. Mtoki ni jambo la kawaida, ukijikwaa kidole unatoka, kidole kikipona unaondoka. Ukaondoka kweli. Baada ya miezi ukarudi, na homa yake, na safari hii mguu ulivimba kuanzia kifundo hadi chini ya goti. Homa iliposhuka uvimbe ulipungua, lakini haukwisha wote. Kila homa iliacha kidogo chake, kama mgeni anayesahau mzigo kila akija, mpaka ikafika masika ambayo Hidaya aliitazama miguu yake miwili na kuona kwamba si ndugu tena.

Hapo ndipo watu walipoanza kumshauri.

Wa kwanza walikuwa wafinyanzi wenzake. Walisema ni ubaridi wa udongo, umempanda mguuni kwa kukanyaga matope kila asubuhi. Mama mkwe wake alisema ni mizigo ya kichwani. Damu imesukumwa chini ikakosa njia ya kurudi. Jirani mmoja alimnong'oneza kwamba mwanamke anayeuza kuliko wenzake hawezi kukosa mtu wa kumzikia kitu njiani, na kwamba bila shaka ameruka tego. Yupo aliyemkataza ndizi mbivu, yupo aliyemkataza samaki, yupo aliyemwambia aufunge mguu kwa kamba ya mgomba, aikaze usiku na kuilegeza mchana. Hidaya alifanya yote, mengine kwa zamu, mengine kwa pamoja. Kamba ilimwachia kidonda. Alikula ugali na mboga chungu mpaka mashavu yakamwingia ndani.

Katika mashauri yote hayo, moja tu halikuwa na mpinzani: mguu wa namna ile haugusi maji. Maji ni ya baridi, uvimbe ni wa baridi, na baridi huiita baridi. Hata waliogombana juu ya tego na ndizi walikubaliana katika hilo.

Mwenye neno la mwisho alikuwa Hatibu, mjomba wake. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake. Shamba alilolima Hidaya lilikuwa la ukoo wa mama yake, na Hatibu ndiye aliyelisimamia. Alikuwa ameyafunga macho ya dada yake kwa mkono wake mwenyewe na kuapa kuwalea binti zake wawili, Hidaya na mdogo wake Mosi. Alikuja na bakora yake, akakaa, akautazama mguu kwa muda mrefu bila kuugusa. Kisha akasema udongo basi. Na mguu usioshwe, mpaka atakapopata mtu wa kuufanyia dawa.

Hidaya hakubisha. Alivigawa vyungu ambavyo havijachomwa, akakaa barazani. Alioga mwili mzima na kuuacha mguu mmoja nje ya karai, umefungwa kitambaa. Ngozi ikawa nene, ikapata mikunjo, na katikati ya vidole ikaanza kuchanika na kutoa majimaji. Homa zikaja kwa kufuatana. Na ikawepo harufu. Rehani hakuisema, ila alihamishia kitanda chake chumba cha pili, akidai kwamba anakoroma.

Ni Rehani huyo huyo aliyesema waende mjini. Mjomba hakupenda lakini hakukataza. Walipanda lori la ndizi, Hidaya amejifunika kanga mpaka miguuni, wakafika hospitali ya serikali wakakaa kwenye foleni. Akalazwa usiku mmoja, maana waliambiwa vidudu vinavyotafutwa hutembea kwenye damu usiku, mchana hujificha. Asubuhi alipokelewa na dresa, mhudumu wa vidonda, aitwaye Agustino, kijana wa upande wa Matombo, ambaye aliposikia lafudhi yao aliacha Kiswahili cha ofisini akazungumza nao Kiluguru.

Agustino aliufungua mguu na kuushika kwa mikono miwili. Hidaya alilikumbuka jambo hilo kwa muda mrefu kuliko maneno yake, kwa kuwa tangu mwaka uliopita hakuna mtu aliyeushika. Alieleza kwamba ni matende, kwamba vidudu vyembamba kuliko uzi vimeziba njia za maji ya mwili, na kwamba vinaletwa na mbu.

Rehani alimwuliza kwa adabu kama ni mbu hawa hawa wanaouma kila mtu.

"Hawa hawa," Agustino alisema.

Hidaya aliona usoni mwa mumewe kwamba safari imeharibika. Kama ni mbu, mbona kijiji kizima hakijavimba?

"Mama, sikudanganyi," Agustino akaendelea. "Mguu huu hautarudi kuwa kama mwenzake. Lakini homa tunaweza kuzipunguza. Uoshe kila siku kwa sabuni, uukaushe katikati ya vidole, na ukikaa uuinue juu ya kigoda."

"Na sindano?" Hidaya aliuliza.

"Hakuna sindano ya kuupunguza."

Alimpa vidonge na kumwonya kwamba huenda vikamsumbua mwanzoni. Hidaya akashukuru, lakini njiani akalia. Alikuwa amejiandaa kwa sindano, hata kwa kisu. Ameacha nyumba yake, ameanikwa kwenye foleni mbele ya watu, na alichoambiwa ni kuoga. Waliporudi habari ilizunguka kabla hajavua kanga ya safari, na wanawake waliokuja kumpa pole walikuwa wanaficha kicheko: kumbe Hidaya amekwenda mjini kufundishwa kunawa miguu.

Vidonge alivimeza. Siku ya pili mwili ukamwasha, kichwa kikamgonga, homa ikapanda. Ndivyo alivyoonywa, lakini mtu aliye katika homa hakumbuki onyo. Mjomba Hatibu alikuja akamkuta katika hali hiyo, akavichukua vidonge vilivyobaki akavizika nyuma ya nyumba. Kisha akamleta Yunusi.

Yunusi hakuwa tapeli. Alikuwa mzee mtaratibu aliyewasaidia wengi kwa tumbo na kwa vidonda, na aliamini kwamba damu mbaya iliyosimama haina budi kutolewa. Alimchanja Hidaya chale nyingi kuanzia goti hadi kifundo, akapaka unga wa dawa mweusi, akaufunga mguu, akakataza maji. Ilipotimia wiki mguu ulikuwa unawaka. Hidaya aliweweseka, akamwita marehemu mama yake, akamfukuza Rehani kwa jina la mtu mwingine. Walimnunulia sanda. Hatibu mwenyewe aliipokea na kuiweka juu ya dari, kisha akakaa mlangoni akiwa ameinamisha kichwa katikati ya magoti.

Lakini Hidaya hakufa. Usaha ulipasua njia yake, homa ikatua, akabaki mifupa na mguu mnene kuliko mwanzo.

Alianza kuuosha baada ya hapo. Wala si kwamba alimwamini Agustino. Alishindwa tu kuivumilia harufu yake mwenyewe. Alisubiri watu waende mashambani, akateremka kijitoni na kipande cha sabuni ya mche, akauosha polepole kama mtu aoshaye maiti, akaukausha kwa kanga kuukuu. Aliona aibu kama anaiba. Vidonda vya katikati ya vidole vikafunga. Mwezi ukapita bila homa, kisha wa pili, na masika yote akaugua mara moja tu. Hapo ndipo maneno ya dresa yalipomrudia, akayaelewa moja baada ya jingine. Akatuma salamu kwa Agustino mjini. Jibu likaja kwamba amehamishiwa Kilosa.

Mguu haukupungua. Ulibaki vile vile, mnene na mgumu, na kila mtu aliuona. Kwamba homa zimekwisha, hilo lilimhusu yeye aliyelala bila kutetemeka, hakuna aliyeliona. Rehani aliondoka kwenda kukata mkonge, akawa anarudi Idi mpaka Idi, kisha akawa na nyumba nyingine huko huko. Wakati serikali ilipowalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi milimani na kila mwanamke akatakiwa na jembe lake, tarishi wa jumbe alimwangalia Hidaya mguu akamwambia akae nyumbani. Wenzake wakasema ana bahati. Alirudi kwenye udongo, akiukanyaga kwa mguu mmoja.

Baadaye akaletewa habari kwamba Mosi, mdogo wake aliyeolewa Mkuyuni, amepata mtoki, na kifundo kimeanza kujaa.

Hidaya alikwenda kwa miguu, akipumzika kila kivuli. Alimkuta Mosi amekaa ndani, mguu umefungwa kwa kitambaa. Alimweleza yote, hata yale ya aibu ya kijitoni. Akatoa sabuni kwenye pindo la kanga akaiweka mkekani kati yao.

Mosi aliitazama sabuni, kisha akautazama mguu wa dada yake.

"Dada, wewe unaosha tangu lini?"

Hidaya akamwambia.

"Basi mbona uko hivyo?"

Alisema bila ubaya. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa, anayetaka jibu zuri. Hidaya alianza kueleza habari za homa, kwamba zamani zilikuwa zikimwangusha kila mwezi na sasa hazimwangushi, kwamba mguu wa Mosi bado mchanga na ungeweza kuzuiwa. Alijisikia akizungumza kwa pupa, kama mchuuzi anayeona mnunuzi anaondoka. Mosi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba mjomba amempata fundi wa kuchanja ng'ambo ya mto Ruvu, hodari kuliko Yunusi.

Hidaya alirudi mpaka kwa mjomba Hatibu. Akapiga magoti akasema shikamoo, akamwomba asimpeleke Mosi kuchanjwa. Mzee akamwitikia marahaba. Alikuwa amezeeka.

"Nilimwahidi mama yenu," alisema. "Unataka nikae nimtazame tu, mpaka awe kama wewe?"

Kisha mzee mwenyewe akamshika mkono akamwinua.

Mosi alichanjwa. Chale zilianza kukauka vizuri, watu wakafurahi. Kisha asubuhi moja akasema taya zinamkaza. Jioni hakuweza kumeza uji. Hidaya alipofika, mdogo wake alikuwa amekakamaa mgongo kama upinde, na kila mlango ulipogonga mwili wake mzima uliruka. Wanawake walisema pepo amempanda, wakafukiza ubani. Wengine walitaka apelekwe mjini, lakini lori halikuwepo, na barabara ya Kiroka ilikuwa imekatwa na mvua. Hidaya alikaa kichwani kwake akimpangusa midomo kwa kitambaa chenye maji. Hakuna aliyemkataza maji siku hiyo. Mosi alikuwa na akili zake timamu. Alimfuata dada yake kwa macho mpaka mwisho.

Baada ya arobaini watu walisema ukoo umeingiliwa. Wengine walisema tego lilikuwa la Hidaya, akajua namna ya kulihamishia kwa mdogo wake, ndiyo maana yeye akapona homa. Hayo hayakusemwa mbele yake, lakini aliyasikia. Mjomba Hatibu aliacha kutembea na bakora, akawa anatembea kwa kujishikiza ukutani. Kila akikutana na Hidaya alitaka kusema kitu, na Hidaya alimtangulia kwa salamu ili asikiseme.

Mwaka uliofuata, karibu na mavuno ya mpunga, alikuja kwake mwanamke kijana wa jirani, Mwajuma. Alikuwa anachechemea kidogo. Alizunguka maneno, akasifu vyungu, mwishowe akauliza yule fundi aliyemchanja marehemu Mosi anaitwa nani, ili yeye akitafutiwa fundi wake asije akapelekwa kwa huyo huyo.

Hidaya alimwambia jina. Kisha akamwomba akae, akamweleza habari za sabuni, za kukausha, za kigoda, taratibu, bila pupa safari hii. Mwajuma alisikiliza kwa adabu, akiitikia kwa kichwa. Macho yake yalishuka kwenye mguu uliokuwa juu ya kigoda, yakapanda, yakashuka tena.

"Ahsante, dada," alisema, akasimama. "Nitamwambia mjomba."

Hidaya alimsikiliza akiteremka njia ya kijitoni, hatua moja nzito kuliko nyingine, mpaka hakumsikia tena. Kisha akavuta udongo karibu, maana ulikuwa unaanza kukauka.