Mafuta Kwenye Zulia la Naisenya

Wako watu hapa Kitengela wanaodhani mazulia ya Naisenya yanaletwa kwa ndege. Mimi huwaacha waseme wamalize, halafu nawashika mkono hadi nyuma ya duka la vyuma, nawaonyesha fremu ya mbao inayogusa paa na mwanamke aliyeketi mbele yake miguu peku, akipitisha uzi. Hapo ninafurahi sana.

Naisenya ni Mmaasai, na kondoo wa Kimaasai, wale wekundu wenye mkia mnene, hawana sufu. Wana nywele fupi tu kama mbuzi. Sufu yake inatoka kwa baba yangu, kule Kinangop kwenye baridi, na mimi Mwihaki ndiye ninayeiosha, kuichambua na kuisokota. Tulikuwa majirani katika ploti moja. Siku moja alinikuta mlangoni nikisokota, akaomba ajaribu. Kabla mvua za msimu ule hazijaisha, uzi wake ulikuwa umeshinda wangu, na alipoanza kufuma nikajua nafasi yangu ni kusokota. Sina wivu. Mtu akiwa na mikono kama ile, unaringa kwa niaba yake.

Hachori kwanza. Huenda kwao, akaitazama mbuga, akarudi kuchemsha rangi: maganda ya vitunguu yampe njano ya nyasi kavu, gome la mgunga limpe hudhurungi ya udongo. Nimemwona akifumua kazi ya wiki nzima kwa sababu ya wingu moja.

“Naise, nani ataona?”

“Mimi nitaona.”

Ni mtu mmoja tu ambaye hakushtushwa na kazi hii: mama yake, Noonkishu, anayeishi mbele ya Kajiado kwenye barabara ya Namanga. Noonkishu amelainisha ngozi za kuwavika mabibi harusi wa pale kwao tangu ujana wake. Akionyeshwa zulia, angesema “ni nzuri”, kisha aulize habari ya mvua. Hakuwahi kumwita jirani aje aone. Naisenya aliniambia waziwazi kwamba sifa za watu wengine wote angezitoa bure, mradi mama yake aseme mara moja tu, mbele za watu, kuwa hii ni kazi ya binti yake.

Mwaka jana kanisa moja la Kajiado liliagiza zulia la ukuta ulio nyuma ya madhabahu. Alifuma kundi la kondoo wekundu wakiteremka kwenda kunywa maji, na juu yao anga ambayo hata mimi niliyesokota uzi wake sikuamini. Jumamosi, siku moja kabla ya kuwekwa wakfu, tulilipeleka kwa Noonkishu, tukalitandika kitandani, tukaenda mjini kutafuta bomba la kulitundikia.

Tuliporudi, harufu ilitupokea mlangoni. Noonkishu alikuwa amepiga magoti, viganja viking'aa, akilipaka zulia mafuta ya mkia wa kondoo kutoka juu kwenda chini. Anga ilikuwa imeshaiva rangi ya chai.

Nilipiga kelele. “Mama, umeharibu! Hiyo si ngozi!”

Alinishangaa, akaniita kwa jina la mwanangu kama kawaida yake. “Mama Kiama, hii kitu inaenda mbele ya watu. Itatoka aje kwangu ikiwa kavu? Watu watasema huyu msichana hana mama?”

Ndipo nikaelewa. Nyumbani kwake, vazi jipya la ngozi halikutoka kwenda sherehe kabla mama hajalipaka mafuta kwa mkono wake. Nilielewa, lakini hasira haikuniisha. Maji ya moto yangeifanya sufu isinyae, na maji baridi yasingeyaondoa mafuta yale. Nilianza kutafuta sabuni huku nikinung'unika.

Naisenya alikuwa bado amesimama na bomba begani. Akamuuliza mama yake jambo kwa Kimaa. Noonkishu akaelekeza kidevu nje, kwenye zizi. Baadaye niliambiwa swali lilikuwa ni kondoo yupi amechinjwa, na jibu lilikuwa yule dume mkubwa aliyekuwa akitunzwa kwa ajili ya Krismasi.

Naisenya alilaza bomba chini, akapiga magoti, akachota mafuta, akapaka kona iliyobaki. Mimi nikakaa kwenye stuli nikalia, kwanza kwa hasira, halafu kwa sababu nyingine.

Jumapili tulilitundika hivyo hivyo. Rangi zilikuwa zimekolea, kondoo walionekana kama wametoka kunyeshewa, na kanisa zima lilinuka nyama choma. Pasta Ezra alivuta pumzi, akashuka taratibu hadi tulipoketi, akamwinamia Naisenya.

“Dada, ni kazi nzuri kabisa. Lakini si tuipeleke drai-klina kwanza?”

Naisenya hakupata nafasi ya kujibu. Noonkishu alisimama katika mstari wa mbele, akamgeukia pasta, halafu akawageukia watu wote.

“Hiyo ni kazi ya binti yangu,” akasema kwa sauti ya kuita ng'ombe. “Pasta, ukitaka kuiosha, utaanza na mimi.”

Pasta akarudi mimbarani. Naisenya alikuwa ameshika mkono wangu hadi ukauma, na mimi, kabla hata maombi hayajaanza, nikasema amina.