Shemeji Aliyerudi na Akala Moja

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Lodwar, na sinywi pombe. Nayasema hayo mapema kwa sababu kila nikifika katikati ya kisa hiki hakosekani mjuaji wa kuniuliza siku hiyo nilikuwa nimekunywa nini. Sikuwa nimekunywa kitu. Akili zangu zilikuwa timamu, tumbo lina ugali, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa bado unaweza kufunga ngumi. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize.

Lazima nianze na nyota. Watu wa chuo kikuu fulani waliniachia darubini ndogo yenye kamera, maana kwetu mawingu ni wageni wa nadra. Kazi yangu ilikuwa kufuatilia nyota moja tu, iliyo kaskazini ya Kilimia, lile kundi dogo la nyota. Giza likiingia napiga picha, kisha nailinganisha na jirani zake wasiobadilika. Hii yangu ilikuwa kigeugeu. Kuna miezi ilififia, na kuna miezi iling'aa hadi nikaiona kwa macho matupu.

Kisa na maana? Ni nyota kubwa mno, ya moto wa buluu, na inajizungusha kwa kasi hadi gesi yake inarushwa nje na kufanya pete kiunoni. Pete ikinenepa, nyota inang'aa. Lakini haiko peke yake. Kando yake kuna maiti. Naam, maiti ya nyota nyingine, ndogo kama mji tu, ila nzito kuliko Jua letu. Zamani huyo marehemu ndiye aliyekuwa mkubwa. Alimlisha mwenzake mwili wake mwenyewe, na kulishwa huko ndiko kulikompa yule kasi. Kisha akalipuka, akafa. Sasa anamzunguka mjane wake, na pete ikinenepa anapita kuila. Akila, hutoa eksirei, ule mwanga unaopenya nyama ukaonyesha mifupa. Darasani niliwaambia wanafunzi kuwa hiyo ni ndoa ya kule juu, tukacheka wote.

Sasa tushuke duniani. Dada yangu mkubwa, Akai, anaishi nje kidogo ya mji wa Kakuma na anauzia wakimbizi mbuzi na makaa. Mumewe, Ewoi, aliuawa na wezi wa mifugo upande wa Kainuk. Mwili haukupatikana. Kilicholetwa nyumbani ni akala moja, kiatu cha tairi cha mguu wa kulia, kimeganda damu. Kwetu mwanamke akifiwa huvua shanga zake. Akai alikataa. Ewoi ndiye aliyemvisha zile shanga, mstari baada ya mstari, miaka yote ya ndoa, hadi zikamjaa kutoka mabegani mpaka kidevuni.

"Mimi haiwezi toa," aliwaambia wazee. "Mulete mwili kwanza. Kiatu si mtu."

Tena akawa anaongeza. Akiuza mbuzi, ananunua mstari mwingine, ili Ewoi akirudi akute hajapungukiwa. Nani angembishia? Dada yangu ni mwanamke wa kumpiga ngamia kofi, na ngamia akaomba radhi.

Basi nyota yangu ikaanza kung'aa. Nilifurahi kama mtu aliyejaliwa mtoto. Wiki hiyo hiyo simu ikalia. Alikuwa Nyibol, mama wa Sudan Kusini mwenye kibanda cha chai karibu na boma la Akai.

"Mwalimu, kuja haraka. Dada yako iko na damu kwa shingo. Mbuzi imekufa, na hakuna alama ya meno."

Nilipofika Akai akaniambia ni fisi. Fisi gani anayeunguza? Shingo ya Akai ilikuwa na kidonda cha moto, na mistari kadhaa ya shanga haikuwepo. Nikamuuliza mara ya pili, kwa ukali. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, akainua karai lililofunika mchanga. Chini yake kulikuwa na nyayo. Zilikuwa ndogo kama za mtoto, lakini zimezama kabisa. Wa kushoto ulikuwa na alama za tairi, wa kulia ulikuwa peku.

"Umeona?" Akai alisema huku machozi yakimtoka. "Amerudi."

Alikuwa na furaha, na furaha yake ndiyo iliyonitia hofu.

Baada ya hapo nyota ikafifia na boma likatulia. Kidonda kikapona, na Akai akaanza kutunga shanga upya, nyingi kuliko mwanzo. Miezi ikapita. Kisha jioni moja nikaikuta nyota iking'aa kuliko nilivyowahi kuiona, na ndipo nilipokumbuka kwamba hata mara ya kwanza ilikuwa iking'aa Akai alipoungua shingo. Kesho yake nilipanda pikipiki hadi Kakuma.

Nilifika jua likizama. Nyibol alikuwa bomani, amebandika chai.

"Vua hizo shanga," nikamwambia dada. "Sasa hivi."

"Ejok, ndugu yangu. Hata maji hujakunywa."

"Akai, huyo si Ewoi. Anakuja kula."

"Basi wacha akule. Yangu ni yake."

Mbuzi ndio waliojua kwanza. Walilala wote kwa pamoja, vichwa vikielekea lango la miiba. Kisha akaingia. Niamini, nilimtambua: lile kovu la shavuni, lile bega la kuinama. Alikuwa Ewoi mtupu, ila hakunifikia kiunoni, kama mtu mzima aliyeshindiliwa. Kila alipokanyaga ardhi ilitetemeka, na sufuria ikaanguka kutoka mafigani. Mguu wa kushoto ulikuwa na akala, wa kulia peku.

Alianza kumzunguka dada yangu. Na dada, pale pale aliposimama, akaanza kuzunguka pia, kwa kasi isiyo ya binadamu, na shanga zikainuka shingoni zikatanda kama sahani. Nyuzi za nje zikakatika. Shanga zikaruka kuelekea mdomo wa yule mtu, na kila zilipoingia mwanga mweupe ukapasuka. Mbuzi walikufa bila kulia. Nyibol alikuwa anamwita Yesu kwa sauti yake yote. Niliinua mkono wa kushoto kufunika uso, nikafumba macho, na bado nikaiona mifupa ya vidole vyangu, pingili kwa pingili.

Nikachukua rungu nikamtandika kichwani. Rungu likavunjika vipande na bega langu likateguka. Yeye hakugeuka hata. Alinisukuma kwa kidole tu, nikaruka hadi kwenye ua wa miiba. Nilipoinuka mdomo ukiwa umejaa damu, mwanga ulikuwa umeanza kula ngozi. Nyama ya shingo ya dada yangu ilikuwa inainuka kumfuata.

Nikakumbuka yale niliyokuwa nafundisha. Pete ikiisha, maiti hana cha kula. Nikachomoa kisu cha kuchinjia nikamrukia dada yangu. Nyibol akamkumbatia miguu, tukaanguka wote watatu. Unadhani ni nani aliyepigana nami? Maiti? Thubutu! Alikuwa Akai. Aliniuma mkono hadi kwenye mfupa. Akanivunja meno kwa kiwiko.

"Wacha yeye! Ni bwana yangu!"

Nilikata. Nilikata shanga na nikakata ngozi, maana pale hapakuwa na nafasi ya kukata taratibu. Nikalishika lile fungu zima lililolowa damu, nikalirusha nje ya ua, kwenye laga, lile korongo la mto uliokauka. Yule mtu akalifuata. Mwanga ukapasuka mara moja huko korongoni, kisha likawa giza la kawaida.

Akai anasema Ewoi aligeuka langoni akamtazama. Mimi nilikuwepo. Hakugeuka. Alifuata shanga.

Tangu siku hiyo mkono wangu wa kushoto haufungi. Hospitalini walinipiga eksirei, picha ikatoka nyeusi tupu. Wakarudia, ikawa vile vile, fundi akailaani mashine yake. Akai yuko hai. Ana kovu la kuzunguka shingo yote, nami hanisemeshi. Akiniona njiani hutema mate, na hilo linaniuma kuliko meno na bega.

Sasa nawe uliyenisikiliza, ukifiwa, lia. Gaagaa chini ukitaka, hakuna atakayekucheka. Lakini vua ulichovishwa, hata kama kilicholetwa nyumbani ni kiatu tu. Si kila anayerudi amekuja kwa ajili yako.

Mimi bado nina kazi. Jana Nyibol alinipigia kunieleza kwamba Akai ameonekana sokoni akinunua shanga za buluu, mafungu mawili. Jioni nikaelekeza darubini kaskazini ya Kilimia, na nyota imeanza kung'aa. Kisu nimeshakinoa. Ila Nyibol anasema Akai naye, baada ya shanga, alinunua cha kwake.